Kuta za Daktari Barnes: Siku Mbili katika Makumbusho Yaliyohamishwa na Misumari Yake

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika makumbusho ya Barnes Foundation mjini Philadelphia hukosa kitu kimoja kabla hajaona kingine, nacho ni maandishi. Ukutani hakuna kibao kinachomweleza picha ilichorwa lini, ilinunuliwa wapi wala inahusu nini. Kwenye fremu nyingi kuna kijibamba chenye jina la mchoraji, basi, na kuanzia hapo umeachiwa macho yako. Picha hazikupangwa kwa umri wala kwa nchi. Kubwa imewekwa katikati, ndogo zimeizunguka kulia na kushoto kwa ulinganifu, kama vyombo vya kaure katika zidaka za nyumba ya kale ya Lamu, na juu ya fremu na baina yake vimetundikwa vyuma vilivyofuliwa na wahunzi: bawaba, makomeo, mabamba ya vitasa, funguo.

Nilikwenda na mjomba wangu, ambaye ni fundi wa milango ya kuchonga katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na ambaye alikuwa amekuja Marekani kumtazama binti yake aliyejifungua. Nakiri kwamba nilihofia angechoka mapema, kwa kuwa mambo ya wachoraji wa Kifaransa kama Cézanne na Renoir hayajawahi kumshughulisha. Tulikaa saa tano siku ya kwanza, tukarudi kesho yake kwa tiketi ile ile, maana tiketi yao hutumika siku mbili mfululizo. Ninayoyaandika hapa yametokana na siku hizo mbili, lakini pia na yale niliyoyasoma kabla ya safari, kwa sababu jumba hili haliwezi kupimwa na mtu asiyejua limefikaje hapo lilipo.

Albert Barnes alizaliwa Philadelphia mwaka 1872 katika familia ya kipato kidogo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuhitimu mwaka 1892 akiwa na umri wa miaka 20, lakini hakuishi kwa kutibu wagonjwa. Utajiri wake ulitoka katika chupa ndogo. Yeye na mkemia Mjerumani, Hermann Hille, walitengeneza dawa yenye madini ya fedha iliyoitwa Argyrol, ambayo ilitiwa machoni mwa watoto wachanga ili kisonono cha mama kisiwapofushe; dawa iliyotumika kabla yake ilikuwa ikiunguza macho yale yale iliyokusudiwa kuyaokoa. Walianzisha kampuni mwaka 1902, na baada ya miaka michache Barnes akanunua hisa za mwenzake. Mwaka 1929 aliiuza kampuni nzima, miezi michache tu kabla ya soko la hisa la New York kuporomoka, na hivyo akabaki na fedha taslimu wakati matajiri wengine walikuwa wakiuza picha zao ili walipe madeni. Nilipokuwa nikimsimulia Mjomba habari hii tukiwa kwenye foleni, alinikatiza. “Hata mjukuu wangu walimpaka dawa machoni, mwanangu, siku ile ile aliyozaliwa,” alisema, na nadhani kuanzia hapo alimwona Barnes kuwa mtu wa kweli na si jina la jengo.

Ili kumwelewa mtu huyu ni lazima kwanza kuelewa namna Wamarekani walivyojipatia makumbusho yao. Ufaransa iligeuza hazina ya wafalme wake kuwa mali ya taifa, ikapata Louvre. Marekani haikuwa na mfalme wa kupinduliwa wala kasri la kufunguliwa, kwa hiyo makumbusho yake makubwa, kuanzia yale ya Boston na Metropolitan ya New York yaliyoanzishwa mwaka 1870, yalijengwa zaidi kutoka mifukoni mwa wafanyabiashara. Sheria nazo zilichangia kuliko watu wanavyokumbuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 sanaa iliyoingizwa kutoka nje ilitozwa ushuru wa asilimia 20, na ndiyo maana mwenye benki J. P. Morgan aliacha sehemu kubwa ya mkusanyo wake London. Mwaka 1909 kazi zenye umri wa zaidi ya miaka 20 zilisamehewa ushuru huo, mwaka 1913 zikasamehewa na kazi mpya, na mwaka 1917 sheria ya kodi ya mapato ikaanza kumpunguzia kodi mtu anayetoa mali yake kwa taasisi za hisani. Baada ya hapo meli zilivuka Atlantiki zikiwa na shehena ambayo Ulaya ilikuwa haijawahi kuiona ikiondoka kwa wingi namna hiyo.

Kila tajiri alikuwa na namna yake ya kutoa. Henry Clay Frick, aliyechumia kwenye makaa ya mawe na chuma cha pua, aliacha nyumba yake ya New York, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1935. Andrew Mellon, akiwa waziri wa fedha, alinunua kwa siri picha 21 za makumbusho ya Hermitage ya Urusi kutoka kwa serikali ya Kisovieti iliyokuwa na njaa ya fedha za kigeni, kisha akaliachia taifa mkusanyo wake pamoja na jengo la National Gallery lililofunguliwa Washington mwaka 1941, na hakutaka liitwe kwa jina lake. Isabella Stewart Gardner wa Boston alifanya kinyume kabisa: alifungua jumba lake mwaka 1903 na kuandika katika wosia kwamba kisihamishwe kitu. Wezi walipoiba kazi 13 usiku mmoja wa Machi 1990, fremu tupu zilirudishwa mahali pake, na bado ziko ukutani hadi leo zikisubiri. Barnes alikuwa wa tabia ya Gardner, lakini kwa ukali zaidi, na kwa ladha ambayo katika siku zake wenzake wengi waliiona kuwa ya kichaa, kwa sababu alinunua kazi za watu waliokuwa bado hai.

Alianza mwaka 1912 kwa kumpa mchoraji William Glackens, aliyesoma naye shule ya sekondari, dola 20,000 na kumtuma Paris. Glackens alirudi na kazi 33, mojawapo ikiwa picha ya Van Gogh ya mtumishi wa posta mwenye ndevu zilizosokotana, ambayo bado iko hapa. Miaka kumi baadaye Barnes mwenyewe, kupitia kwa dalali Paul Guillaume, alikuta kazi za Chaim Soutine, kijana fukara aliyekuwa hajulikani, akanunua makumi yake kwa mkupuo. Mwaka 1923 alizionyesha baadhi ya picha hizo Philadelphia, na magazeti ya mji yakazikejeli. Hakusahau. Taasisi yake, iliyosajiliwa mwishoni mwa mwaka 1922 na kufunguliwa mwaka 1925 katika kitongoji cha Merion, kwenye jengo lililosanifiwa na Paul Cret, haikuandikishwa kama makumbusho bali kama shule, na mwanafalsafa John Dewey alishiriki katika kupanga mafunzo yake. Barnes alikuwa tayari na mazoea ya kufundisha: katika kiwanda chake, ambako Weusi na Weupe walifanya kazi pamoja, saa mbili za kila siku zilitengwa kwa kusoma na kujadiliana, na picha zilitundikwa humo humo. Mabingwa wa sanaa na watu wenye vyeo walioomba kuingia Merion walinyimwa mara nyingi kwa barua za kejeli, nyingine zikiwa na saini ya mbwa wake.

Sasa tuingie ndani. Chumba kikuu ndicho kinachowavuta wengi, na kwa haki. Katika ukuta mmoja wacheza karata wa Cézanne wameketi chini, wazito kama magunia ya mchele, na juu yao wamo wanamitindo watatu wa Seurat, wepesi, waliochorwa kwa vidoadoa maelfu kwa maelfu. Makumbusho ya kawaida yangeipa kila moja ya picha hizi ukuta wake na kibao chake. Hapa zimebebana, na ukisimama dakika kumi unaanza kuona kwamba pembetatu ya miili juu imejibiwa na pembetatu ya mabega na kofia chini. Hilo ndilo somo la Barnes: usiulize picha inasema nini, tazama mstari, rangi, mwanga na nafasi vinavyofanya kazi. Baina ya madirisha ameketi Mrifi wa Moroko aliyechorwa na Matisse, uso wake wa kijani na manjano, mkubwa kupita kiasi cha fremu yake. Juu kabisa, katika nafasi tatu za nusu duara chini ya dari, wanacheza wachezaji wa Matisse wa rangi ya kijivu. Mchoro huo uliagizwa mwaka 1930, na Matisse aliufanyia kazi kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba vipimo alivyotumia vilikosewa. Alianza upya, akaukamilisha mwaka 1933, na ule wa kwanza sasa uko katika makumbusho ya Paris.

Idadi peke yake zinatisha: Renoir 181, Cézanne 69, Matisse 59, Picasso 46. Lakini hapa sina budi kusema ninavyoona. Cézanne hawa 69 wanatosha kumleta mtu kutoka nchi nyingine. Renoir hawa 181 ni wengi mno. Wale wa uzeeni, wanawake wa waridi walionona wakioga katika ukungu wa rangi ya peremende, wanarudi chumba baada ya chumba hadi jicho linakinai kama mtu aliyelishwa halua tangu alfajiri. Barnes aliwaona kuwa kilele, na kwa kuwa mpangilio ni wake na hauguswi, hakuna msimamizi anayeweza kuwapeleka nusu yao ghalani. Hii ndiyo bei ya jumba lililopangwa na mtu mmoja, kwamba ukipokea akili yake unapokea na uraibu wake. Kinyume chake, hazina ambayo wageni wengi huipita haraka ni Horace Pippin, Mmarekani Mweusi aliyejeruhiwa bega la kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kujifundisha kuchora kwa mkono uliolemaa. Picha zake ndogo za familia mezani zimetundikwa kwa heshima ile ile waliyopewa Wafaransa, na Barnes alizinunua Pippin alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana.

Nilikuwa nikitazama ukuta mmoja wa namna hiyo nilipogundua kwamba Mjomba hayuko nami. Nilimkuta chumba cha pili amesimama mikono nyuma mbele ya bawaba mbili ndefu za chuma zilizotundikwa juu ya mchoro, na mchoro wenyewe sidhani kama aliuona. Vyuma vya namna hii viko karibu 900 katika jumba zima, vingi vikiwa kazi ya wahunzi wa Ulaya na wa walowezi wa Kijerumani wa Pennsylvania, na Barnes aliviweka kwa sababu alishikilia kwamba mhunzi asiyejulikana jina na mchoraji mashuhuri wanashughulikia tatizo moja la umbo. Niliyasoma hayo vitabuni nikayakubali kwa adabu tu, bila kuyasadiki. Mjomba ndiye aliyenionyesha. Alinieleza kwa nini mkia wa bawaba umepindwa pale na si pale, namna uzito wa ubao unavyogawanywa, jinsi matundu ya misumari yalivyoachana ili ubao usipasuke, na kwamba mhunzi aliyeufua ule wa kushoto siye aliyeufua wa kulia. Kisha tukainua macho kwenye mchoro wa chini yake, na mpindo wa mkono wa mwanamke ulikuwa ule ule wa mkia wa chuma. Nilicheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa ameona jambo jingine: kwamba tundu la pini lilikuwa limelika upande mmoja, kwa hiyo bawaba hii ilibeba mlango uliofunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi sana.

“Mlango wenyewe uko wapi?” aliuliza.

Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinifuata hadi ghorofa ya juu, kwenye makabati ya vioo yenye sanamu na vinyago vya Afrika. Barnes alivinunua zaidi ya 100, vingi kati ya mwaka 1922 na 1924, na muuzaji alikuwa yule yule Guillaume wa Paris. Ni kazi za Wabaule wa Côte d'Ivoire, Wadogon na Wabamana wa Mali, Wafang wa Gabon na majirani zao. Kutoka kwetu Afrika Mashariki sikuona hata kimoja. Haki itendeke kwake: wakati ambapo makumbusho mengi ya Marekani yaliweka vitu vya Afrika kwenye idara za mambo ya kale ya viumbe, karibu na ndege waliokaushwa, Barnes aliviweka chumba kimoja na Picasso na Modigliani, akaandika waziwazi kwamba hawa ndio walimu na wale ndio wanafunzi, na akavitumia kuwahimiza vijana Weusi wa Marekani waone kwamba wana urithi wa kujivunia. Msanii Aaron Douglas, mmoja wa majina makubwa ya mwamko wa sanaa ya Weusi katika mtaa wa Harlem, New York, alisoma Merion kwa ufadhili wake mwishoni mwa miaka ya 1920. Hata vigae vya lango la jengo la Merion vilifinyangwa kwa nakshi za Afrika Magharibi.

Hata hivyo, kanuni ya kunyima maelezo haina uzito sawa kwa kila kitu. Mgeni asiyepewa maelezo kuhusu Renoir anaweza kuyapata katika maktaba yoyote. Jina la mchoraji lipo, mwaka upo, nyumba aliyoishi ipo. Asiyepewa maelezo kuhusu kinyago cha Kibaule anaachwa na kipande cha mti. Kinyago kilikuwa na vazi la ukindu lililofunika mwili, kilikuwa na ngoma, na mchezaji, na siku yake, na watu waliokuwa na haki ya kukiona na wengine waliokatazwa. Aliyekichonga alikuwa na jina kijijini kwake. Dalali wa Paris hakuuliza jina hilo, Barnes naye hakuona umuhimu wa kuuliza, na njia iliyokifikisha Paris ilikuwa njia ya ukoloni wa Ufaransa, ambayo haikuwa na desturi ya kutoa risiti. Taasisi yenyewe katika miaka ya karibuni imefanya utafiti wa kina juu ya vitu hivi, na maelezo unaweza kuyapata kwenye simu yako, kwani picha au sanamu ikielekezewa kamera hutambuliwa na taarifa zake huletwa. Nashukuru kwa hilo. Lakini kinyago bado kimesimama ndani ya kioo kikitumika kama bawaba za ghorofa ya chini, umbo lililonyofolewa kutoka kitu kilicholipatia kazi.

Nimesema mpangilio hauguswi, na hapa ndipo historia ya jumba hili inapogeuka kesi. Barnes aliandika hati ya amana ambayo msomaji wa pwani ataitambua mara moja, kwa sababu inafanana sana na wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Na Barnes naye aliandika kwamba baada ya kifo chake picha zisiuzwe, zisiazimishwe, na zibaki pale pale zilipo. Alitaka watu wa kawaida, wafanyakazi wa viwandani na wa madukani, wapate nafasi, na akakataza jumba lisitumike kwa karamu za wakubwa. Aliwekea fedha za kuliendesha masharti makali ya namna zinavyoweza kuwekezwa, jambo ambalo baadaye liligeuka kuwa kitanzi, kwa kuwa mfumuko wa bei uliendelea na fedha zikabaki zilipo.

Waangalizi aliowachagua ni sehemu ya hadithi ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Akiwa amegombana na karibu kila taasisi kubwa ya jirani, Barnes alijenga urafiki na Horace Mann Bond, rais wa Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo kidogo cha Pennsylvania kilichoanzishwa mwaka 1854 kwa ajili ya vijana Weusi. Ndicho chuo alichosoma Nnamdi Azikiwe, na baada yake Kwame Nkrumah, kabla hawajarudi kuongoza Nigeria na Ghana. Oktoba 1950 Barnes alibadilisha kanuni ili, nafasi zitakapokuwa wazi, Lincoln kiteue wadhamini wanne kati ya watano. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, alipita kwenye alama ya kusimama bila kusimama, akagongwa na lori, akafa. Mkusanyo ambao leo makumbusho makubwa ya dunia yangeupigania uliachwa mikononi mwa chuo cha Weusi katika nchi ambayo shule za majimbo ya kusini zilikuwa bado zimetenganishwa kwa rangi.

Ilichukua miongo kadhaa uteuzi huo kukamilika, na ulipokamilika hazina ilikuwa imekauka. Umma ulikuwa umeanza kuruhusiwa kuingia mwaka 1961, siku chache kwa wiki na kwa idadi ndogo, baada ya serikali ya jimbo kwenda mahakamani kudai kwamba taasisi isiyolipa kodi haiwezi kujifungia. Kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 mahakama iliruhusu picha kadhaa zizungushwe Washington, Paris, Tokyo na miji mingine ili kulipia ukarabati. Zikafuata kesi na majirani kuhusu maegesho ya magari, ambazo zilikula fedha zilizosalia. Mwaka 2002 wadhamini waliomba ruhusa ya kuhamia katikati ya mji, na mashirika matatu tajiri ya hisani yakaahidi kusaidia kuchangisha dola milioni 150, kwa masharti ambayo ni pamoja na kuipanua bodi kutoka wajumbe 5 hadi 15. Wateule wa Lincoln, waliokuwa wengi kati ya watano, wakawa wachache kati ya kumi na watano. Disemba 2004 jaji alikubali. Mahakama inayoshughulikia wosia na amana katika jimbo la Pennsylvania inaitwa Mahakama ya Mayatima, jina ambalo limebaki kutoka zamani, na ambalo sijaweza kulisoma bila kuziona zile picha zimeketi kwenye benchi zikingoja kuambiwa zitalelewa na nani.

Mafakihi wetu nao wamebishana tangu zamani kama kadhi anaweza kuruhusu wakfu ubadilishwe unaposhindwa kujiendesha, kwa hiyo simlaumu jaji kwa kukabili swali gumu. Ninachokiona, baada ya kutembea ndani ya jibu lake, ni kwamba walichagua kutunza sehemu ya wosia inayoonekana kwa macho. Jengo jipya, lililofunguliwa Mei 2012 kwenye barabara ya Benjamin Franklin Parkway, lilisanifiwa na Tod Williams na Billie Tsien, na ndani yake vyumba vya Merion vimejengwa upya kwa ukubwa ule ule, kwa mpangilio ule ule, kila bawaba juu ya fremu yake. Kilichohama ni mambo mengine: bustani ya miti aliyoitunza mkewe, utulivu wa kitongoji, na mamlaka ya wale aliowaamini. Kutoka mlangoni unaona kule juu mwisho wa barabara makumbusho makubwa ya sanaa ya Philadelphia, ambayo Barnes aliyapiga vita maisha yake yote. Nyumba ya Merion yenyewe, kilomita kama 8 kutoka hapo, imekodishwa kwa chuo kikuu cha jirani tangu mwaka 2018.

Kama jengo, hata hivyo, ni zuri, na sitajifanya kwamba halikunigusa. Nje limevikwa mawe ya chokaa kutoka jangwa la Negev, yenye rangi inayobadilika kati ya samli na majivu kulingana na wingu lililopita. Kabla ya hapo kiwanja hiki kilikuwa na kituo cha kuwashikilia watoto wenye kesi, habari ambayo wageni wengi hawaijui na ambayo ilinifanya niitazame upya njia ile ndefu ya maji na miti inayokupeleka mlangoni. Mwanga wa vyumbani ni laini. Wasanifu wamepenyeza bustani ndogo ya ndani na chumba cha masomo baina ya vyumba vya kale, na mchoro wa Matisse wa mwaka 1906 wa furaha ya maisha, ambao Merion ulikuwa umening'inizwa kwenye ngazi ukionekana kwa kupita, umepewa kijichumba chake ghorofani. Hapo wosia uliguswa waziwazi, na nasema kwa mdomo mzito kwamba umeguswa vizuri, kwa sababu hatimaye mtu anaweza kusimama mbele ya ile manjano kali bila kuwazuia watu wanaopanda. Ukumbi mkubwa wa mapokezi, kwa upande mwingine, ni mrefu, wa fahari na baridi, na umejengwa kwa ajili ya hafla za jioni za namna ile ile ambayo Daktari aliikataza kwa maandishi.

Kwa anayepanga kwenda, tiketi ya mtu mzima si rahisi, inakaribia dola 30, lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na anayelipa anufaike na siku ya pili, kwa kuwa siku ya kwanza kichwa hujaa kabla ya miguu kuchoka. Ningeshauri kuanza ghorofa ya juu asubuhi, wakati umati uko kwenye chumba kikuu, kuvipa vinyago muda vinavyostahili, kisha kushuka. Simu iachwe mfukoni kwa mzunguko wa kwanza na itolewe kwa wa pili. Vyumba vingine ni vidogo, na mtu aliyezoea kurudi nyuma hatua tano ili aione picha atajikuta amemkanyaga mwenzake.

Saa ya mwisho ya siku ya pili Mjomba aliniomba penseli. Aliichora ile bawaba ya kushoto nyuma ya tiketi, mkia na matundu yote, akaandika vipimo kwa makisio ya jicho, akamwonyesha mlinzi, ambaye alitikisa kichwa kuashiria kwamba ni sawa. Anasema kuna mhunzi pale Mwembeladu ambaye bado anajua kazi, na mlango anao tayari.